Uhusika: Nani Ndiye Who, Nani Ndiye Whom

Barua ya Kiingereza ambayo mwandishi wake hajui itaishia mezani kwa nani huanza na maneno "To Whom It May Concern". Katika barua za Kiswahili mahali hapo huandikwa "Kwa Yeyote Anayehusika". Tafsiri hiyo ni nzuri na imezoeleka, lakini ukiitazama kwa karibu utaona imembadilishia mtu nafasi. Katika Kiingereza, jambo ndilo linalomhusu mtu: "it" ndicho kiima cha kitenzi, na mtu yuko upande wa pili, ndiyo maana akaandikwa "whom". Katika Kiswahili mtu amesogezwa mbele. Yeye ndiye anayehusika, na kiambishi a- kimemfanya kiima. Tungetaka abaki pale alipowekwa na Kiingereza, tungeandika "kwa yeyote ambaye jambo hili linamhusu". Hapo -m- iliyobanwa kati ya lina- na -husu ndiyo ingefanya kazi inayofanywa na herufi m mwishoni mwa "whom". Kufanana kwa herufi hizo ni bahati tu, lakini ni bahati ambayo mwalimu wa Kiingereza katika nchi zetu angefaa kuitumia kila siku.

Dhana inayotawala tofauti hiyo huitwa uhusika katika vitabu vya isimu vya Kiswahili. Ni uhusiano wa nomino au kiwakilishi na kitenzi chake: je, ndicho kiima au ndiyo yambwa, au shamirisho kama wanavyosema wengi Kenya? Kuna lugha zinazoonyesha uhusiano huo kwa kubadili umbo la neno lenyewe. Kilatini kilifanya hivyo, Kijerumani bado kinafanya, na waliosoma nahau ya Kiarabu madrasa wanaijua habari ya marfuu, mansubu na majruri. Wanazuoni wa Kiyunani na Kilatini waliipa dhana hii jina lenye maana ya kuanguka, kana kwamba neno linaporomoka kutoka umbo lake la kwanza, na Kiingereza kikarithi jina hilo. Istilahi yetu haikufuata picha hiyo. Imetokana na kuhusika, na kwa maoni yangu imegusa kiini cha jambo kuliko ile ya Kilatini, kwa sababu inataja uhusiano wenyewe badala ya dalili zake.

Hata hivyo ina hatari yake. Mwaka 1968 Charles Fillmore alichapisha makala iliyozaa nadharia ambayo kwa Kiswahili tunaiita Sarufi Uhusika. Ndani yake uhusika ni swali la maana: nani ametenda, nani ametendwa, kwa chombo gani, mahali gani. Kwa hiyo neno moja limebeba mizigo miwili, maana na umbo, na mwanafunzi anayejifunza "whom" hujikwaa hapo hapo. Chukua sentensi "mwanamke ambaye aliibiwa pochi". Kwa maana, huyu ndiye aliyedhurika, na mwanafunzi aliyeambiwa kuwa "whom" ni ya mtendwa ataiandika bila wasiwasi. Atakuwa amekosea. Kiingereza hapa kinataka "who", "the woman who was robbed", kwa kuwa hakijali nani ameumia. Kinajali nani ameketi kwenye kiti cha kiima, na kitenzi chetu kimeshatoa jibu: a-liibiwa, wala hakuna -m- ndani yake. Ndiyo maana ningependa darasani "whom" ifafanuliwe kwa maneno kiima na yambwa, na uhusika ubaki kuwa jina la mlango mzima.

Vitabu vingi vya Kiingereza humpa mwanafunzi kipimo cha "he" na "him": jibu likiwa "him", andika "whom". Ni kipimo sahihi, ila kinamtaka mtu atumie tofauti moja ya Kiingereza kupimia nyingine, ilhali kwetu "yeye" ni yule yule awe kiima au yambwa. "Nani" nalo halibadiliki. "Nani amemwita Asha?" na "Asha amemwita nani?" yana "nani" lile lile. Kazi yote imeachiwa mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi. Basi kipimo kimo humo humo. Geuza sentensi iwe ya Kiswahili chenye "ambaye", kisha uangalie ndani ya kitenzi. Mtu unayemsema akiwakilishwa na a- au wa- ya kiima, andika "who". Akiwakilishwa na -m- au -wa- ya yambwa, andika "whom". "Mwalimu ambaye alinifundisha": a-, kwa hiyo "the teacher who taught me". "Mwalimu ambaye nilimsaidia": -m-, kwa hiyo "the teacher whom I helped".

Nimesema "ambaye" kwa makusudi, maana urejeshi wetu ulioshikamana na kitenzi unaweza kuficha jibu. "Mwizi aliyemwona askari" ni nani? Anaweza kuwa mwizi aliyemwona askari akakimbia, au mwizi ambaye askari alimwona akamkamata. Kiswahili kinaruhusu kiima kuja baada ya kitenzi rejeshi, na viambishi a- na -m- vinawafaa wote wawili. Ukifungua kwa "ambaye", utata unakwisha: "mwizi ambaye alimwona askari" ni "who", na "mwizi ambaye askari alimwona" ni "whom". Mwandishi wa habari za mahakamani anahitaji uangalifu huu hata siku ambayo hana habari na Kiingereza.

Mitego ya Kiingereza chenyewe iko zaidi pale vitenzi vinapokuwa viwili. "Mgombea ambaye nadhani atashinda" huwatoa hata wahariri wa magazeti ya Kiingereza kwenye njia. Wanaona "I think" imesimama karibu, wanadhani mgombea ndiye anayedhaniwa, na wanaandika "whom". Kiswahili hakina shaka: mgombea yumo ndani ya atashinda, na nadhani haikumgusa, kwa hiyo ni "the candidate who I think will win". Linganisha na "mgombea ambaye namshuku", ambako -m- imeingia, na Kiingereza kinasema "whom I suspect". Mtego wa pili ni "mpe yeyote atakayekuja". Hapa -m- ipo waziwazi katika "mpe", na mtu anaweza kukimbilia "whomever". Lakini hiyo ni ya kitenzi cha kwanza. Kiingereza hutazama kitenzi cha kishazi ambamo neno limo, nacho ni atakayekuja, chenye a-. Andika "whoever comes".

Kipimo hiki kina mpaka wake. Katika "mtu ambaye nilisafiri naye" hakuna -m-, na bado Kiingereza kinataka "with whom". Hapo tazama -ye iliyong'ang'ania "na". Kiwakilishi kikishikwa na "na", au na "kwa" kama katika "kwake", kimeshatoka kwenye kiti cha kiima. Kwa "kuandikia" au "kununulia" hakuna tatizo, maana kauli ya kutendea huvuta -m- yenyewe: "ambaye nilimwandikia", "to whom I wrote".

Kwa nini basi Kiingereza kimebaki na "whom" ilhali nomino zake zilipoteza miisho ya uhusika zamani? Kiingereza cha Kale kilikuwa na "hwa" ya kiima, "hwone" ya yambwa na "hwam" ya mpewa, mfano wa "wer", "wen" na "wem" za Kijerumani cha leo. "Hwam" ikaimeza "hwone", ndiyo hii "whom" tuliyo nayo. Viwakilishi vinavyotumika mno kama "him", "them" na "us" viliponea, na "whom" ikaponea pamoja navyo, ila kwa shida, kwa sababu katika swali neno hili hukaa mwanzoni mwa sentensi, mahali ambapo sikio la Mwingereza limezoea kiima. Robert Lowth, katika sarufi yake ya mwaka 1762, aliwakosoa waandishi wakubwa kwa kuweka "who" mahali pa "whom". Mwaka 1789 Noah Webster wa Marekani aliitetea "who" hiyo kuwa ndiyo Kiingereza cha watu. Edward Sapir mwaka 1921 alitabiri kwamba baada ya kama miaka 200 hata msomi wa sheria hatauliza "Whom did you see?"

Kosa la upande wa pili nalo ni la zamani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mathayo sura ya 16, Yesu anapowauliza wanafunzi wanamnena kuwa nani, limeandikwa "whom" mahali ambapo kanuni inataka "who". Katika Kiyunani neno hilo lina umbo la yambwa kwa sababu kitenzi "kuwa" kimeachwa bila nafsi, nao watafsiri wakalichukua na umbo lake. Mtafsiri wa Kiswahili akifika hapo anaandika "nani" na kuendelea.

Kwa mwandishi wa leo, "Who did you see?" katika mazungumzo na barua pepe kwa rafiki si kosa, na anayemsahihisha mwenzake hapo anapoteza muda. Katika maandishi rasmi "whom" ya yambwa bado inaheshimiwa. Kihusishi kikitangulia hakuna hiari: "to who" mwanzoni mwa barua ya ofisi haitapita mbele ya mhariri yeyote.