Usiku picha ilipoganda Kariakoo

Najua nimekuwa kimya mno, si mnajua tena mambo ya UE, halafu boom lenyewe likakata kabla mwezi haujafika katikati. Leo sina malalamiko ya kantini wala ya foleni ya bafuni. Leo nina historia, na safari hii sijadesa, nimeihangaikia mwenyewe siku tano nzima.

Ilianza semina. Mwalimu alitwambia kila mtu achague ugomvi mmoja wa zamani katika ukoo wake, kisha autafutie ushahidi wa maandishi au wa kitu, siyo masimulizi peke yake. Wenzangu wakakimbilia mashamba ya babu na mahari za shangazi. Mimi nikamchagua mjomba wangu na usiku wa tarehe 9 Julai 2006, ile fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa, kule Berlin.

Kwetu ugomvi huu unajulikana. Mjomba alikuwa fundi wa redio na TV, ana kifremu chake Kariakoo karibu na Mtaa wa Sikukuu, analala chumba cha nyuma ya hiyo hiyo nyumba. Usiku ule aliwakusanya majirani wakaangalie mpira chumbani kwake, kwenye kompyuta iliyounganishwa na waya wa kebo. Kila mtu alichangia shilingi 200 za petroli ya jenereta, maana 2006 ulikuwa mwaka wa mgao. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa, Mtera likiwemo, na umeme wa Dar ulikuwa wa kuotea. Mpira ukaenda vizuri. Zidane kafunga penalti dakika ya 7, Materazzi kasawazisha ya 19, wakaingia muda wa nyongeza. Dakika ya 110, picha ikaganda tuli. Sauti inaendelea! Mtangazaji anapiga kelele, uwanja unazomea, na watu zaidi ya 20 wamekodolea macho picha moja isiyosogea. Mjomba alipomaliza kuizima na kuiwasha kompyuta, Zidane alishatoka na kadi nyekundu, na kichwa alichompiga nacho Materazzi wao hawakukiona.

Sasa hapa ndipo ugomvi. Watu walisema fundi kaminya pozi. Kwamba alisimamisha picha makusudi ili adai shilingi 200 nyingine. Maneno yakamfikia mwenye nyumba, na kabla mwaka haujaisha mjomba akaambiwa aachie fremu. Kahamia Mbagala, na ufundi wa TV kauacha moja kwa moja. Miaka yote hii ukitaja Zidane mbele yake anaondoka.

Basi bwana, nikapanda mwendokasi pale Ubungo, nikabadili gari hadi Mbagala. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa wangu, chuo kinaendaje. Nikamweleza shida yangu. Kanuna kwanza. Baadaye kaingia uvunguni akatoka na boksi, ndani mna daftari la kazi na hadi diski ya ile kompyuta. Akasema, "Chukua, mimi sina kazi nayo."

Kabla sijawaambia nilichokikuta, turudi nyuma kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini watu wazima na akili zao walisema "kaminya pozi".

Sisi wa bara tumechelewa sana kuwa na televisheni. Zanzibar walianza mwaka 1973, tena ya rangi. Huku bara serikali ilishikilia redio, kwa hoja kwamba redio inamfikia mkulima na TV ni ya matajiri wachache wa mjini. Mpaka ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, na mwaka 1994 ITV wakaanza kurusha. Yaani kati ya 1973 na 1994 ni miaka 21! Katika miaka hiyo mtu wa Kariakoo mwenye uwezo alinunua nini? Video. Deki na kaseti. Kwa hiyo kwa familia nyingi za mjini kioo cha kwanza kuingia ndani kilikuwa cha deki, na deki ina kitufe cha pozi. Hilo liwekeni akilini.

Kebo nayo ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Marekani walianza 1948, huko milima ya Pennsylvania na Oregon, sehemu ambazo antena ya kawaida haikushika kitu: mtu anaweka antena moja kubwa mlimani, anashusha waya, anagawia mtaa. Kwetu ilikuja miaka ya 90 katikati ya jiji, Upanga, Kisutu, Kariakoo, kwenye maghorofa yaliyobanana ambako waya mmoja unahudumia familia nyingi na watu wanataka filamu za Kihindi na mpira. Kampuni inakuwa na madishi yake sehemu moja, inachanganya chaneli zote kwenye waya mmoja mnene, waya unaruka paa kwa paa. Kila unaposafiri mawimbi yanachoka, kwa hiyo njiani kuna vikuza mawimbi, na hivyo vinakula umeme. Ndiyo maana mwaka 2006 ungeweza kuwa na jenereta lako linanguruma na bado huna picha, kwa sababu mgao umekata mtaa wa tatu kutoka kwako ambako kikuzaji kimefungwa.

Daftari la mjomba limejaa mambo haya. Nyie acheni tu, yule mzee angefundisha hapa Mlimani. Ana mwandiko mbaya lakini kila tatizo kaliandikia dalili na sababu. Akiandika "chenga", chini yake kuna waya: kiungio kimelegea, maji yameingia, au splita zimezidi. Splita ni kile kidude cha kugawa waya mmoja kuwa miwili. Ukigawa mara mbili, kila upande unapata chini kidogo ya nusu ya nguvu. Ukigawa mara nne, unabaki na chini ya robo. Nyumba moja ya Sikukuu kakuta splita tatu zimefuatana, na mpangaji wa mwisho alikuwa analipia chenga kila mwezi.

Kuna ukurasa wa kompyuta peke yake. Kadi za TV zilikuwa zinaletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai na China, unachomeka ndani ya kompyuta ya mtumba, tayari una TV na mashine ya kurekodi. Tatizo lililomsumbua mwanzoni: picha safi kabisa ila sauti ni mchakato mtupu. Kumbe kadi imekuja na mpangilio wa China. China sauti inakaa megahezi 6.5 juu ya picha, mfumo wetu wa bara 5.5. Kadi inaisikiliza sauti mahali ambapo haipo. Unaingia kwenye programu, unabadilisha D/K kuwa B/G, kwisha kazi. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "USIMWAMBIE MTEJA NI RAHISI." Nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa nikafika ukurasa wa 9 Julai. Mistari michache tu. Umeme wa mtaa haukukatika, jenereta halikuwashwa kabisa. Ameanza kurekodi saa 2:53 usiku, megabiti 4 kwa sekunde. "Saa 5 na robo imeganda. Sauti ipo." Halafu alama ya kuuliza, kubwa, imekolezwa mpaka karatasi imetoboka.

Niliusoma ule mstari mara nyingi. "Sauti ipo." Nikamuuliza rafiki yangu wa CoICT (huyu jamaa nina deni lake la chipsi mayai), akanifafanulia mambo mawili yaliyonitoa usingizi.

La kwanza, kebo ya miaka ile ilikuwa analojia, na picha ya analojia haigandi. Inakuja mstari kwa mstari, mara 25 kila sekunde, na TV za kawaida zilikuwa hazina mahali pa kuitunza. Mawimbi yakikatika unapata chenga au kioo cheusi. Ili picha igande lazima kuna kitu kimeihifadhi, na chumbani mle chenye kumbukumbu kilikuwa kimoja tu, kompyuta. La pili, kwenye kadi nyingi za aina ile sauti ilikuwa inapita kwa kawaya kadogo moja kwa moja hadi kadi ya sauti na spika, haisubiri programu ya picha. Kwa hiyo sauti ikiwa ipo, waya wa kebo ni mzima, kadi inashika chaneli, na aliyekufa ni programu.

Lakini kwa nini ife dakika ile ile? Nikaenda Mtaa wa Aggrey kutafuta kile kiunganishi cha kuchomeka hadi diski za zamani kwenye USB. Fundi wa kwanza kanicheka, wa nne ndiyo kanipa. Diski ikalia kama mashine ya kusaga lakini ikafunguka. Ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, kama kompyuta nyingi zilizoanzia Windows 98. Na faili la fainali lipo! Nikabonyeza kuangalia ukubwa: baiti 4,294,967,295.

Wanaosoma kompyuta wameshaelewa. FAT32 haikubali faili moja lizidi hapo, hata baiti moja. Ni ukomo wake, gigabaiti 4 kasoro baiti moja. Programu ilijaa mpaka mdomoni, ikakosa pa kuandika, ikaganda na picha yake. Nikapiga hesabu kwenye karatasi: megabiti 4 ni baiti 500,000 kwa sekunde, kwa hiyo faili linajaa baada ya sekunde kama 8,590, yaani dakika 143. Kutoka saa 2:53 usiku ongeza dakika 143. Saa 5:16! Mpira ulianza saa 3 kamili kwa saa zetu. Jumlisha vipindi viwili, mapumziko na nyongeza, unaangukia pale pale kwenye dakika ya 110. Angechelewa kuanza kurekodi dakika 10 tu, chumba kizima kingeona.

Sasa rudini kwenye pozi. Watu wa 2006 chumbani mle hawakuwa wajinga. Walikuwa wanajua TV ikiharibika inaleta chenga. Picha iliyosimama tuli walikuwa wameiona kwenye deki tu, na kwenye deki haisimami yenyewe, kuna kidole. Walifikiri sawasawa kwa vitu walivyovijua. Halafu ikaja 31 Desemba 2012, Dar wakazima mitambo ya analojia, kila nyumba ikabidi iwe na king'amuzi, na ghafla jiji zima likajua kwamba picha inaganda yenyewe, inavunjika vipande vipande, mvua ikinyesha kidogo tu. Kingetokea kile kitu 2013, wangesema "king'amuzi hiki!" na wangempa pole. Wasiwasi wangu ni mwenye nyumba. Alifariki 2011.

Hilo nimeliandika kwenye semina, na mwalimu kanikata alama kwa sababu sikuwahoji majirani. Ana haki, ila nyumba ile imevunjwa, lipo ghorofa la mabegi na viatu, na waliokuwemo mle chumbani wametawanyika Gongo la Mboto, Chanika, Muscat. Wawili tu niliwapata kwa simu. Mmoja kacheka, akasema kumbe. Mwingine kasema yeye bado anaamini ni pozi, na anataka shilingi zake 200.

Jumamosi nikarudi Mbagala na laptopu. Nikamwonyesha mjomba ile namba, nikamweleza mwanzo mwisho. Akaisoma tarakimu moja moja kwa kidole. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Na linacheza?"

Linacheza. Tukaliangalia lote, dakika 143, shangazi akaleta chai mara mbili. Rangi zimefifia kidogo na pembeni kuna vivuli, mjomba akasema hiyo ni splita ya chumba cha kati, alikuwa anaijua. Sekunde ya mwisho mpira uko upande mwingine wa uwanja, Zidane haonekani. Ikasimama.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema mjomba.