Metroni na Meneja: Historia ya Uongozi na Usimamizi katika Uuguzi

Usimamizi katika uuguzi ni kazi ya kuhakikisha wodi inakwenda: zamu zimepangwa, dawa na mashuka yapo, taarifa zimeandikwa, fedha zimetumika ipasavyo. Uongozi ni kazi ya kuwaonyesha wauguzi wanakoelekea, kuwatia moyo, na kusema waziwazi pale utaratibu wenyewe unapomdhuru mgonjwa. Msimamizi hupata mamlaka kutokana na cheo. Kiongozi anaweza kuwa hata muuguzi kijana asiye na cheo. Nchini Uingereza, kazi hizi mbili zilianza zikiwa mikononi mwa mtu mmoja, zikatenganishwa, kisha zikalazimika kurudiana.

Tarehe 4 Novemba 1854 Florence Nightingale aliwasili Scutari, ng'ambo ya pili ya Istanbul, akiwa na wauguzi 38 wa kuwahudumia askari wa Uingereza katika Vita vya Krimea. Alikuta uchafu, uhaba wa mashati na mashuka, na urasimu uliochelewesha hata chakula cha wagonjwa. Alinunua vifaa kwa fedha za michango, akapata nyumba ya kufulia nguo na kuanzisha majiko ya wagonjwa mahututi. Huo ulikuwa usimamizi hodari, lakini vifo viliendelea kupanda majira hayo ya baridi, kwa kuwa chini ya hospitali kulikuwa na mitaro ya maji machafu iliyoziba. Vilishuka kwa kasi baada ya tume ya usafi iliyotumwa na serikali kuanza kuisafisha mitaro hiyo Machi 1855.

Uongozi wa Nightingale ulionekana zaidi baada ya vita. Alikusanya takwimu, akazitolea michoro mwaka 1858, na kuthibitisha kwamba magonjwa yanayozuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. Bila kuwa na cheo serikalini, aliwashawishi mawaziri na maofisa hadi kambi na hospitali za jeshi zikaanza kurekebishwa. Hata hivyo hakuudharau usimamizi. Katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 aliutengea sura nzima, akisisitiza kwamba anayesimamia vizuri hupanga mambo ili yaendelee kufanyika hata asipokuwepo.

Shule ya uuguzi iliyobeba jina lake ilifunguliwa mwaka 1860 katika Hospitali ya St Thomas', London, chini ya metroni Sarah Wardroper. Kila mwanafunzi alikuwa na kumbukumbu yake, ambamo metroni alimpima kwa kuwahi kazini, utulivu, uaminifu na unadhifu. Stadi kama kufunga vidonda na kupika chakula cha wagonjwa zilipimwa pia. Metroni ndiye aliyewaongoza wauguzi wote, nao wakawajibika kwake. Wahitimu waliupeleka mfumo huo kwingine: Agnes Jones aliupeleka Liverpool mwaka 1865, na Lucy Osburn akaufikisha Sydney mwaka 1868. Kwa karibu karne nzima, metroni alikuwa mlezi wa maadili ya kazi na pia mtunza funguo za ghala.

Mgawanyiko ulikuja hospitali zilipokua. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Brian Salmon ilipendekeza ngazi mpya za maofisa wauguzi, na cheo cha metroni kikatoweka hatua kwa hatua. Wauguzi walipata nafasi katika vikao vya juu, lakini kupanda cheo kulimaanisha kuondoka wodini. Mwaka 1983 Roy Griffiths, aliyekuwa mkuu katika kampuni ya maduka ya Sainsbury's, aliishauri serikali iweke mameneja wakuu katika huduma ya afya ya taifa, kwa kuwa hakuona ni nani hasa aliyewajibika. Ushauri ulifuatwa, na wauguzi wengi wa ngazi za juu wakapoteza mamlaka yao.

Mwanzoni mwa karne ya 21 serikali iliwarudisha wodini wauguzi wakuu wenye jina la metroni, wakiwa na mamlaka juu ya usafi na ubora wa huduma. Hilo halikutosha. Mwaka 2013 uchunguzi wa umma ulioongozwa na Robert Francis, kuhusu hospitali ya Stafford, ulieleza jinsi wasimamizi wa juu walivyoshughulikia malengo ya fedha huku wagonjwa wakikosa kuogeshwa, kulishwa na hata kupewa maji. Wapo wauguzi waliojaribu kusema, wasisikilizwe.

Historia hii inatoa hukumu moja. Usimamizi bila uongozi huweza kutimiza malengo yote ya karatasini na kumwacha mgonjwa na kiu. Uongozi bila usimamizi hubaki maneno mazuri katika wodi isiyo na mashuka. Anayekabidhiwa wodi afundishwe kazi zote mbili, na muuguzi asiye na cheo apewe nafasi ya kusema na kusikilizwa.