Danadana ya Roma na Malta Iliyogharimu Roho za Mamia

Kila Oktoba 3, Italia huwakumbuka wahamiaji 368, wengi wao Waeritrea, waliokufa maji mwaka 2013 karibu na kisiwa cha Lampedusa. Ajali iliyofuata siku nane baadaye hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo inayoanika vizuri zaidi jinsi serikali zinavyokwepa wajibu wa kuokoa.

Wajibu huo ni wa siku nyingi. Titanic ilipozama mwaka 1912, mataifa yalikutana na kufikia mkataba wa usalama wa maisha baharini mwaka 1914. Mkataba wa Hamburg wa 1979 ukaigawa bahari katika maeneo ya uokoaji, na Malta, nchi ndogo, ikabaki na eneo kubwa mno.

Oktoba 11, boti iliyojaa Wasyria waliotoka Libya ilikuwa ikiingiza maji baada ya kupigwa risasi. Daktari mmoja aliyekuwemo alipiga simu ya setilaiti Roma kuomba msaada. Akaambiwa apige Malta, kwa kuwa boti ilikuwa katika eneo lake la uokoaji. Malta nayo ikamjibu kuwa Lampedusa ndiyo iliyo karibu, awatafute Waitalia. Kweli ilikuwa karibu: kilomita 113, dhidi ya 218 hadi Malta.

Manowari ya Italia, Libra, ilikuwa mwendo wa kama saa moja tu kutoka hapo. Saa zikapita bila amri ya kwenda kuokoa. Mwendo wa saa 11 jioni boti ikapinduka, na zaidi ya watu 200 wakafa, 60 kati yao watoto.

Jarida la L'Espresso lilipotoa rekodi za simu hizo mwaka 2017, hapakuwa tena na pa kujificha. Mwaka 2021 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza uamuzi kuwa Italia ilishindwa kulinda haki ya kuishi ya watu hao, ingawa eneo lilikuwa la Malta. Lakini kesi ya maofisa wawili mjini Roma iliishia hewani Desemba 2022: muda wa kisheria ulikuwa umepita.

Wiki moja baada ya ajali, Italia ilianzisha operesheni ya Mare Nostrum, iliyookoa watu wapatao 150,000 kwa mwaka mmoja, kisha ikasitishwa kwa hoja ya gharama. Mwaka 2023 maafa ya boti za wahamiaji yakarudi, karibu na Cutro nchini Italia na Pylos nchini Ugiriki.

Serikali za Ulaya zirudishe meli za uokoaji baharini, na chombo kilicho karibu kiende kwanza. Mabishano ya mipaka yasubiri watu wafike nchi kavu.