Msitu Hununuliwa Mara Ngapi? Michango ya Umma na Misitu ya Mvua ya Pwani ya Pasifiki

Kutoka California ya kaskazini hadi Alaska, ukingo wa bahari ya Pasifiki una misitu ya mvua ambayo msomaji aliyezoea misitu ya Kongo au ya Usambara angeiona migeni. Ni misitu ya nchi za baridi. Mvua nzito ya majira ya baridi na ukungu unaopanda kutoka baharini wakati wa kiangazi huiweka mibichi mwaka mzima, na miti yake mikuu ni ya jamii ya misonobari na mierezi. Mrefu kuliko yote duniani ni msekuoya wa pwani: upo unaopita mita 115, na ipo iliyoishi zaidi ya miaka 2,000. Tangu katikati ya karne ya 19 kampuni za mbao ziliikata misekuoya hiyo kwa kasi, hata leo msitu wake wa kale umebaki takriban asilimia 5 tu. Sehemu isiyo ndogo ya masalia hayo ipo kwa sababu watu walichanga fedha. Wanaoisifu historia hiyo huisimulia kana kwamba ilikuwa biashara ya siku moja: fedha zikachangwa, ardhi ikanunuliwa, msitu ukapona. Ushahidi wa karne nzima na zaidi unasema mengine. Msitu hununuliwa mara nyingi: mara kwa ajili ya miti yake, mara kwa ajili ya mlima ulio juu yake, mara kwa ajili ya wanyama wake, na tena kwa ajili ya mishahara ya wanaoulinda. Mchango haukufua dafu ila pale ulipoifuata kazi hiyo hatua kwa hatua, pamoja na dola na pamoja na wenye nchi.

Tuanzie mwaka 1900. Mpigapicha Andrew P. Hill na wenzake walipiga kambi katika bonde la Big Basin, kusini ya San Francisco, wakaunda chama walichokiita Sempervirens Club. Kofia ikapitishwa kati yao, zikapatikana dola 32. Kwa fedha hizo usingenunua hata kipande cha bonde lile, lakini ziligharimia kampeni, na mwaka 1901 bunge la California likaidhinisha dola 250,000 za kununulia hifadhi iliyofunguliwa mwaka uliofuata. Miaka michache baadaye, mwaka 1905, William Kent alinunua kwa dola 45,000 korongo la misekuoya ng'ambo ya pili ya San Francisco. Alikuwa na uwezo, na hati ilikuwa mkononi mwake. Hata hivyo kampuni ya maji ilitaka kujenga bwawa pale, ikaenda mahakamani ili ardhi itwaliwe kwa manufaa ya umma. Kent aliona kwamba hati ya mtu binafsi haitoshi, akaikabidhi serikali kuu ekari 295, na Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akatangaza hifadhi ya Muir Woods. Mifano hii miwili ina somo lile lile. Fedha za watu zilikuwa ufunguo, na mlango wenyewe ulikuwa sheria.

Mwaka 1918 kilizaliwa chama kilichoibadilisha njia hii kuwa mfumo, Save the Redwoods League. Katibu wake, Newton Drury, alijua kwamba wafadhili hupenda kuona walichokilipia, kwa hiyo maeneo ya misekuoya yakapewa majina ya marehemu, familia na vyama, la kwanza likizinduliwa mwaka 1921 kwa kumbukumbu ya kanali aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Akina mama wa wilaya ya Humboldt nao waliunda jumuiya yao mwaka 1919 na kuibana serikali ya eneo lao, wakati waume wa baadhi yao walikuwa wakila kwa biashara ya mbao. Ushujaa wao hautajwi inavyostahili. Mwaka 1928 wapiga kura wa California waliidhinisha hatifungani za dola milioni 6 kwa hifadhi za jimbo, kwa sharti kwamba kila dola ya serikali ikutane na dola iliyochangwa au ardhi ya thamani hiyo. Sharti hilo lilikuwa la busara kubwa. Lilimfanya mchangiaji mdogo ajue kwamba shilingi yake inazaa nyingine, na liliizuia serikali isikae pembeni na kuwaachia matajiri kazi yake. John D. Rockefeller Jr. alitoa dola milioni 2, na mwaka 1931 chama kikamaliza kununua tambarare ya Bull Creek, msitu wa kale ambao hadi leo unabeba jina la Rockefeller.

Bull Creek ndiyo kesi inayofaa kusomwa na kila anayeomba au kutoa mchango. Walichokinunua ni miti mikubwa ya bondeni, ile inayomfanya mgeni anyamaze. Miteremko ya juu, ambako mto unaanzia, ilibaki mikononi mwa wakataji. Baada ya Vita Vikuu vya Pili miteremko hiyo ilikatwa, udongo ukabaki uchi. Desemba 1955 mvua kubwa ilishusha mawe, magogo na tope. Mto ukapanuka na kuzila kingo zake, na mamia ya misekuoya mikubwa ikaanguka ndani ya hifadhi yenyewe, ikiwa na hati safi ya umiliki. Mafuriko ya mwaka 1964 yakarudia. Chama kikalazimika kutembeza tena bakuli ili kununua miteremko iliyokwisha kukatwa, sehemu kwa sehemu, na kusaidia kuiponya. Hapo fedha zililipia makosa ya mwanzo kwa bei ya juu. Serikali kuu nayo haikujifunza upesi: Hifadhi ya Taifa ya Redwood ilipoundwa mwaka 1968, ukanda mwembamba wa miti mirefu kando ya Redwood Creek uliachwa chini ya miteremko iliyokuwa ikikatwa, na mwaka 1978 Bunge la Marekani likalazimika kuongeza ekari 48,000, nyingi zikiwa visiki vitupu.

Mtu anaweza kuuliza: je, si kweli kwamba wafadhili wa mwanzo walikuwa matajiri waliopenda miti kuliko watu? Swali hili halipaswi kukwepwa. Mmoja wa waasisi watatu wa chama cha 1918 alikuwa Madison Grant, mtu ambaye miaka miwili kabla alikuwa amechapisha kitabu cha ubaguzi wa rangi kilichokuja kutukuzwa na Wanazi. Na maeneo yaliyopewa majina ya marehemu wa California yalikuwa nchi ya Wasinkyone na majirani zao, ambao katika miaka ya 1850 na 1860 waliuawa kwa halaiki na waliosalia wakahamishwa. Msitu ulioitwa wa asili na usioguswa ulikuwa umeondolewa wenyeji wake nusu karne tu kabla. Hata hivyo sikubali hitimisho kwamba kazi yote ilikuwa batili. Miti iliyookolewa haikubeba dhambi ya aliyeiokoa, na ndege wanaoitegemea hawakuuliza nani alilipa. Yupo ndege mmoja wa baharini wa pwani hii anayevua samaki mchana na kutaga yai moja tu juu ya kuvumwani nene za matawi mapana ya miti mikongwe, mara nyingine kilomita nyingi kutoka ufukweni. Wanasayansi hawakujua kiota chake kiko wapi hadi mwaka 1974, kilipoonekana juu ya mti katika Big Basin ile ile. Waliochanga mwaka 1900 walikuwa wamelinda kisichojulikana bado. Dhuluma kwa wenye nchi, kwa upande wake, hudai kurekebishwa kwa vitendo, na hilo limeanza: Januari 2022 chama kile kile cha 1918 kilitangaza kukabidhi ekari 523 za msitu wa misekuoya kwa baraza la makabila kumi ya Sinkyone, kwa makubaliano kwamba hautakatwa. Ni kidogo ukilinganisha na kilichoporwa, nami naona kasi hiyo haitoshi.

Twende kaskazini, British Columbia nchini Kanada, ambako historia hii ilichukua mkondo tofauti kwa sababu wenyeji walikuwa bado wapo kwenye ardhi yao na hawakuwahi kuiuza. Pwani ile, ambayo wanaharakati wa miaka ya 1990 waliipa jina la Great Bear Rainforest, ina hekta milioni 6.4. Uhai wake umefungamana na bahari kwa njia ya kustaajabisha. Kila msimu wa vuli samaki aina ya samoni hupanda mito kuzaliana na kufa. Dubu huwavua na kuwabeba msituni, wakala sehemu na kuacha mabaki. Mtafiti Tom Reimchen, akifanya kazi katika visiwa vya Haida Gwaii, alikadiria kwamba dubu mmoja hubeba takriban samoni 700 kwa msimu, na alama ya naitrojeni ya bahari imepatikana ndani ya pete za miti mikongwe. Kwa maneno mengine dubu ni mbebaji wa mbolea, na kumwua ni kuupunguzia msitu chakula. Katika visiwa vya katikati ya pwani hiyo, baadhi ya dubu weusi huzaliwa weupe kama maziwa, kwa kuwa wazazi wote wawili wamebeba sifa hiyo iliyofichika. Sheria imekataza tangu zamani kumwua mweupe. Lakini anayempiga risasi mweusi huenda ameua uzao mweupe asioujua.

Hapa ununuzi wa ardhi haukuwezekana, maana sehemu kubwa kabisa ilikuwa mikononi mwa serikali ikidaiwa na wenyeji. Wakfu wa uhifadhi wa Raincoast ulitafuta kitu kingine cha kununua. Kwa sheria ya jimbo, mgeni asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila mwongozaji mwenye leseni, na leseni hizo hugawanywa kwa vitalu. Mwaka 2005, kwa kuungwa mkono na mataifa ya wenyeji wa pwani, wakfu huo ulichangisha dola milioni 1.35 za Kanada na kununua haki za uwindaji wa kibiashara katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Vitalu vingine vilifuata. Mwenye kitalu sasa hakuwa na haja ya kuuza ngozi na vichwa vya dubu, na wageni waliokuja na bunduki kwa ajili ya nyara wakakosa mlango.

Pingamizi la kwanza dhidi ya njia hii ni kwamba inamlipa mharibifu ili aache kuharibu. Nakiri kwamba bei hiyo inauma. Lakini wawindaji hao walikuwa na leseni halali iliyotolewa na serikali, na kusubiri haki itendeke bila fidia kungewagharimu dubu kila msimu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ununuzi haukuwagusa wawindaji wakazi wa jimbo, ambao hawakuhitaji mwongozaji. Ni kweli, na ndiyo maana fedha peke yake zisingetosha. Mwaka 2012 muungano wa wenyeji wa pwani ulitangaza, kwa mamlaka yao wenyewe, kwamba uwindaji wa nyara wa dubu umepigwa marufuku katika nchi zao. Walitembea na kamera kwenye mito wakihesabu dubu na kukutana na wawindaji uso kwa uso. Desemba 2017 serikali ya jimbo ikapiga marufuku uwindaji wa dubu wakali wa kahawia katika jimbo zima, isipokuwa kwa mahitaji ya wenyeji. Mwaka 2022 ikafunga uwindaji wa dubu weusi katika maeneo ya wale wenye uzao mweupe. Miaka 12 kati ya leseni ya kwanza na marufuku ya jimbo ndiyo hasa iliyonunuliwa kwa michango, na dubu waliishi humo.

Kuhusu miti yenyewe, mapambano yalianza kwa vizuizi vya barabarani. Mwaka 1993 zaidi ya watu 800 walikamatwa katika Clayoquot Sound, kisiwani Vancouver, na baadaye wanunuzi wakubwa wa mbao nje ya Kanada walianza kukataa magogo ya misitu ya kale. Mapatano kuhusu Great Bear Rainforest yalitangazwa mwaka 2006 na kukamilishwa mwaka 2016, yakizuia ukataji wa viwanda katika asilimia 85 ya msitu huo. Kilichoyafanya yadumu ni mfuko ulioundwa mwaka 2007 wenye dola milioni 120 za Kanada, karibu nusu kutoka kwa wafadhili binafsi na nusu kutoka serikali kuu na ya jimbo. Fedha za wafadhili ziliwekwa kama wakfu ambao faida yake hulipa walinzi wa pwani, watafiti na mipango ya mataifa ya wenyeji; za serikali zikaenda kwenye biashara zao, kama nyumba za wageni wanaokuja kutazama dubu. Hili linajibu pingamizi kongwe la wakata miti, kwamba hifadhi inawanyang'anya watu mkate. Pingamizi hilo lina uzito. Hifadhi ya Redwood ilipoongezwa mwaka 1978, ilibidi mafao ya wafanyakazi waliopoteza ajira huko California yawekwe kwa sheria, na fidia ya baada ya maumivu huacha uchungu wa muda mrefu. Kuanza na kazi ya wenyeji, kisha msitu, ni mpango bora kuliko ule wa kuanza na msitu na kusahau watu.

Kwa hiyo anayeombwa mchango kwa ajili ya msitu wowote wa pwani ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa. Nani anamiliki chanzo cha mto? Wenye nchi wamekubali, na watakuwa na sauti gani? Mlinzi wa mwaka wa ishirini atalipwa na nani? Chama kisichoweza kujibu kinaweza kuwa na nia njema, lakini kitarudi kuomba tena kama kilivyorudi cha Bull Creek. Wenyeji wa pwani ya British Columbia wameyajibu maswali hayo kwa bahari yao pia: mwaka 2024 mapatano mapya ya kulinda bahari iliyo mbele ya msitu ule yalitengewa dola milioni 335 za Kanada, milioni 200 kutoka serikali kuu, milioni 60 kutoka jimbo, na milioni 75 kutoka kwa wafadhili.