Makazi ya Wazee: Tusijenge Upya Kambi za Wasiotakiwa

Kila ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, husikika katika majukwaa yetu kauli kwamba wazee ni hazina ya taifa. Kauli hiyo ni njema, lakini hazina huwekwa mahali palipoandaliwa. Siku hizi nakutana mara kwa mara na wanafunzi na watumishi wa umma wanaolizungumzia wazo la kujenga makazi mapya ya kitaalamu kwa ajili ya wazee ambao familia pekee haziwezi kuwahudumia. Mimi nalikubali wazo hilo. Hata hivyo, katika makala haya nitajenga hoja kwamba hatuwezi kuyapanga makazi mapya vizuri bila kuielewa kwanza historia ya yale tuliyonayo, kwa sababu mengi yake hayakuanzishwa kwa ajili ya uzee. Yalianzishwa kwa ajili ya kuwaondoa watu machoni.

Tuanze na ukoloni. Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika iliamini kwamba mzee wa Kiafrika ni jukumu la ukoo na kabila lake. Imani hiyo iliifaa sana hazina ya serikali, kwa kuwa iliiondolea gharama. Wakati huohuo, serikali hiyohiyo iliwatoa vijana katika koo zao ili wakafanye kazi katika mashamba ya mkonge, migodi na bandari. Wafanyakazi wa mkonge waliitwa manamba kwa sababu walitambuliwa kwa namba, na kuanzia mwaka 1944 shirika la waajiri lililojulikana kama SILABU liliwakusanya kwa maelfu kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi, Songea na kwingineko. Wengi walirudi makwao. Wengine hawakurudi. Walizeekea Tanga na Morogoro wakiwa hawana shamba, hawana pensheni, na ukoo ambao sera ya kikoloni ilidai utawatunza ulikuwa mamia ya maili mbali nao.

Jibu la dola kwa watu wa namna hiyo lilikuwa la kipolisi zaidi kuliko la kijamii. Sheria ya mwaka 1923 kuhusu watu fukara ilimpa hakimu mamlaka ya kumshughulikia mtu asiye na kazi wala njia ya kujikimu, na miongoni mwa hatua zake ni kumrudisha alikotoka. Mwaka 1944 ikatungwa sheria nyingine ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Katika macho ya sheria hizo, kijana mzururaji na mzee aliyechoka walikuwa tatizo moja, yaani mtu anayeharibu sura ya mji.

Chanzo cha pili ni ukoma. Kabla ya tiba ya uhakika kupatikana, wagonjwa walitengwa katika kambi nje ya makazi ya watu. Nunge iliyopo Kigamboni, Bukumbi iliyopo Misungwi na Sukamahela iliyopo Manyoni, zote zina mizizi katika historia hiyo. Hebu tutafakari mahali Nunge ilipowekwa. Iko ng'ambo ya maji, nje kabisa ya mji wa Dar es Salaam wa wakati huo. Hadi Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016, aliyetoka katikati ya jiji kwenda huko alitegemea pantoni au mzunguko mrefu wa barabara. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa kuwa pana hospitali, soko au ndugu. Palichaguliwa kwa kuwa pako mbali.

Dawa za ukoma zilipoanza kufanya kazi, na hasa tiba ya dawa mseto iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981, sababu ya kitabibu ya kuwatenga watu ilikwisha. Lakini waliopona walikuwa wamepoteza vidole, macho, ndoa na mashamba. Walibaki kambini na wakazeekea humo. Hivyo kambi za wakoma zikageuka polepole kuwa makazi ya wazee, bila mtu yeyote kukaa chini na kupanga makazi ya wazee. Jina rasmi lililotumika kwa muda mrefu, makazi ya wazee na wasiojiweza, linaonesha mchanganyiko huo. Ndani ya uzio mmoja waliwekwa mzee, mtu mwenye ulemavu, aliyepona ukoma na watoto au wajukuu wao, kana kwamba mahitaji yao ni yaleyale.

Uhuru ulikuja na falsafa nzuri zaidi. Katika andiko lake la mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba mzee aliyeonekana kustarehe bila kufanya kazi alikuwa amekwisha kuitumikia jamii kwa bidii katika ujana wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawataja wazee wasiojiweza pamoja na watoto wadogo miongoni mwa watu wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao bila kuhesabiwa kuwa wanyonyaji. Visiwani, serikali ya Mzee Karume ilijenga nyumba za wazee Sebleni baada ya Mapinduzi ya 1964, zikiwa ndani ya mji na karibu na watu. Jambo hilo la mahali lina uzito kuliko linavyoonekana. Mzee wa Sebleni aliweza kusikia adhana ya msikiti wa mtaa na kupokea mgeni aliyekuja kwa miguu.

Bara, falsafa haikugeuka kuwa mpango wa majengo wala wa wataalamu. Tulirithi kambi, tukabadilisha mabango. Sera ya Taifa ya Wazee ilipatikana mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya mkutano wa dunia kuhusu uzee uliofanyika Madrid. Sera hiyo ilitamka kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo, na kwamba makazi ya wazee ni kimbilio la mwisho. Kimsingi ni sahihi. Lakini kimbilio la mwisho lilitafsiriwa kivitendo kuwa jambo la mwisho katika bajeti. Mtu asiye na kimbilio jingine ndiye mwenye mahitaji makubwa kuliko wote, naye ndiye aliyepewa kidogo kuliko wote.

Kwa nini basi tuzungumzie makazi ya kitaalamu sasa? Kwanza, idadi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu takriban milioni 3.5. Kwa hiyo, katika miaka kumi tumeongeza wazee wapatao milioni moja. Pili, aina ya maradhi. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kujitambua. Mzee wa namna hiyo huondoka nyumbani usiku, husahau moto jikoni, humwita mwanawe mwizi. Katika maeneo ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, tabia ambayo ni dalili ya ugonjwa yaweza kugharimu uhai wa mtu. Ongeza hapo kiharusi, ambacho humlaza mtu miaka mingi, na vidonda vya mgandamizo vinavyohitaji mkono wa mtu aliyefundishwa.

Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba kumpeleka mzee katika makazi ni desturi ya Wazungu, na Mwafrika humtunza mzazi wake nyumbani. Naliheshimu pingamizi hili, ila naomba tulitazame kwa makini. Tunaposema familia inatunza, mara nyingi tunamaanisha binti mmoja au mjukuu mmoja wa kike, ambaye ameacha biashara au shule, halipwi, wala hajaoneshwa namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani. Aidha, hoja kwamba ukoo utatosha ndiyo hoja ileile ya Waingereza, na historia ya manamba imetuonesha ilivyoweza kuisaidia dola kukwepa gharama. Makazi ya kitaalamu hayaji kuchukua nafasi ya familia. Yanakuja kwa ajili ya wachache ambao mahitaji yao yamezidi uwezo wa nyumba, na kwa ajili ya kumpumzisha binti huyo kwa wiki mbili ili naye asianguke.

Kutokana na historia hii, naona mambo manne ambayo mpango wowote mpya hauna budi kuyazingatia. Mosi, mahali: makazi yajengwe karibu na hospitali ya wilaya, kituo cha daladala na nyumba za ibada, si pale ambapo ardhi ni rahisi kwa kuwa ni mbali. Pili, watu kabla ya majengo: ikama ya wauguzi, wahudumu waliofunzwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na afisa ustawi wa jamii iidhinishwe pamoja na ramani ya jengo, si baada ya utepe kukatwa. Tatu, hiari: Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa Januari 2016, inataka matunzo ya makazini yawe ya hiari, yenye gharama nafuu na yanayofikia viwango vya chini vya kitaifa. Mzee aulizwe, na awe na haki ya kuondoka. Nne, makazi yasisimame peke yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee wa miaka 70 na zaidi bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Pale mzee anapokuwa na chake mfukoni, wachache zaidi wataingia makazini kwa sababu ya njaa, na vitanda vitabaki kwa wale wanaohitaji uuguzi.

Wanafunzi wangu na wanaharakati mnaosoma haya, msiishie kuuliza kama serikali itajenga. Ulizeni itajenga wapi, na nani atakuwa zamu saa nane ya usiku. Nanyi maafisa wa halmashauri mtakaoletewa mchoro mezani, tafuteni kwanza katika ramani umbali kutoka kiwanja hicho hadi hospitali na hadi sokoni. Mkiona kiwanja kimechaguliwa kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayekitaka, basi mjue ni kambi ileile ya zamani inayopakwa rangi mpya, na mna wajibu wa kukataa kuweka saini.