Hapa Mnacheza na Sheria Gani?

Anayejifunza kadi huanza kwa kuuliza: sheria ni gani? Anataka ajibiwe mara moja, kama mtu anayeuliza nauli ya Lodwar hadi Kakuma, alipe apande gari. Wenye uzoefu hawaulizi hivyo. Wao huuliza: hapa mnacheza na sheria gani? Kazi yote iko kwa hilo neno "hapa". Nimekaa na hilo neno muda mrefu kwa sababu Turkana, hasa Kakuma, lina historia ndefu nyuma yake.

Tuanze na sheria zenyewe, zile ambazo Wakenya wengi wanazijua, ndio tuwe pamoja. Mchezo unaitwa kadi. Wengine wanauita poka, ingawa na ile poka ya kasino hawana undugu wowote. Kila mtu anapewa kadi 4, moja inafunuliwa katikati, zinazobaki zinawekwa kifudifudi za kuokota. Zamu yako ikifika unaweka kadi inayofanana na ile ya juu kwa namba au kwa alama. Huna? Unaokota. Anayemaliza kadi zake kwanza ameshinda.

Utamu uko kwa kadi zenye kazi. 2 inamwokotesha anayekufuata kadi 2, 3 inamwokotesha 3, jokeri 5. J inamruka mtu. K inarudisha mchezo ulikotoka. 8 na Q ni maswali: ukiweka swali lazima uweke na jibu papo hapo, la sivyo unaokota. A inazima adhabu, na kama hakuna adhabu inakupa nguvu ya kuitisha alama unayotaka wewe.

Halafu kuna tangazo. Ukiona zamu ijayo unamaliza, unasema "niko kadi" kabla zamu hiyo haijafika. Ukinyamaza, hata uwe na kadi inayoingia vizuri, ushindi hupati.

Maswali ya wanaoanza huwa yale yale. Naweza kumaliza na Q peke yake? Hapana, swali bila jibu si mwisho. Na Q ikifuatwa na 5 ya alama ile ile? Hapo sawa, umeuliza ukajijibu. Naweza kurusha 5 tatu kwa mpigo? Meza nyingi zinakubali. Nikiwekewa 2 naweza kujibu na 2 yangu? Ndiyo, mzigo unahamia kwa mwenzako. Mzigo huo unajumlishwa ufike 4 ama unabaki 2? Hapo sasa, rudi kwa lile neno: hapa.

Na mkakati je? Anayeanza anamwaga A mapema kwa sababu inapendeza kuitisha alama. Mzoefu anaificha. A ndiyo ngao yake siku ya jokeri. Pia mzoefu hahifadhi maswali matupu mkononi; anahifadhi swali pamoja na jibu lake, kama mtu aliyebeba kufuli na ufunguo. Na anahesabu. Akisikia mtu ameitisha moyo mara mbili, anajua mioyo iko wapi.

Sasa tuende Kakuma. Meza yenyewe huwa kreti ya soda ama kipande cha kadibodi juu ya ndoo. Pembeni kuna Mturkana wa boda, Mkongo kutoka Kivu, Mganda, na kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa hapo hapo kambini na Kiswahili chake kimemzidi hata Mnairobi. Mkongo anaweka 8, anatulia, anasema, "Kopa." Wote wanamtazama. Kwa Mkenya ile 8 ni swali, na bwana huyu hajajibu, kwa hivyo aokote. Kwake yeye 8 ndiyo kadi ya kuitisha, na haoni alichokosea. Dau ni shilingi 50 kila mtu. Hapo ndipo unajua kwamba kuuliza sheria kunahusu pesa, na heshima pia, kwa sababu hakuna anayependa kuitwa mwizi na watu aliojuana nao asubuhi ya leo.

Nani yuko sahihi? Kihistoria, Mkongo ana hoja nzito. Mchezo huu ni wa ukoo mmoja mkubwa duniani. Marekani ulianza kujulikana miaka ya 1930 kwa jina la 8, na kadi iliyokuwa na nguvu ya kubadilisha alama ilikuwa hiyo hiyo 8. Wanaozungumza Kifaransa mpaka leo wanauita 8 ya Kimarekani. Mwaka 1971 kinyozi mmoja wa jimbo la Ohio, Merle Robbins, alichukua mchezo huo akauchapishia kadi zake za rangi, akauita UNO. Kumbe ile UNO ya vijana wa Nairobi na kadi ya steji ya boda Lodwar ni watoto wa mama mmoja.

Sisi Wakenya tuliipokonya 8 kiti, tukampa A. Waganda nao wana wao, wanauita Matatu, na hiyo peke yake inamchanganya Mkenya anayedhani matatu ni gari. Kwa Waganda 7 inaweza kukata mchezo: ikiwekwa 7 ya ile alama iliyochaguliwa mwanzoni, mchezo unaishia hapo hapo, watu wanahesabu walichonacho mkononi, mwenye hesabu ndogo anashinda. Mkenya akiwa na kadi moja tu na tayari ametangaza niko kadi, halafu Mganda akate na 7, unaweza kusikia kelele mpaka barabarani. Watanzania wengi wanauita lasti kadi, na jina hilo linakuonyesha kwao macho yako wapi: kwa ile kadi ya mwisho.

Lakini lile neno alilotamka Mkongo, kopa, linaturudisha nyuma zaidi. Sisi wa bara la Kenya tunasema moyo, maua, daimondi na spedi. Kiswahili cha pwani kina majina ya zamani zaidi: kopa, pao, uru na shupaza. Yote manne ni ya Kireno. Kopa ni copas, yaani vikombe. Pao ni paus, yaani fimbo. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, mapanga. Hata karata yenyewe ni carta, na turufu ni trunfo. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakafukuzwa humo mwaka 1698. Ngome ilibadilisha wenyewe mara nyingi baada ya hapo. Majina ya karata yakabaki.

Angalia basi kilichotokea. Karata za Wareno wa wakati ule zilichorwa vikombe kweli, fimbo kweli, dhahabu na mapanga. Baadaye karata zenye michoro ya Kifaransa, moyo na majani na kadhalika, zikaenea duniani kote. Picha ikabadilika, jina likakataa kuondoka. Ndiyo maana Mswahili anaangalia moyo mwekundu anasema kopa, yaani kikombe. Vijana wa Bongo wakitumiana mioyo kwenye simu wanaiita makopakopa. Wanatumiana vikombe vya Kireno bila habari.

Na Wareno wenyewe hawakuvumbua. Karata zilifika Ulaya karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu. Kwenye jumba la makumbusho la Topkapi, Istanbul, kuna karata za Wamameluki wa Misri, zina vikombe, sarafu, mapanga na fimbo za mchezo wa polo. Watu wa Ulaya wa wakati ule hawakuijua polo, kwa hivyo fimbo ya polo ikageuka fimbo tu. Wareno hao hao walipofika Japani mwaka 1543 na miaka iliyofuata, wakaacha neno lile lile: Wajapani wanasema karuta. Kampuni ya Nintendo, kabla ya michezo ya kompyuta, ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Karata ya Mombasa na karuta ya Kyoto ni neno moja lililoshuka meli mbili tofauti. Kila lilikofika, watu walicheza na sheria zao.

Turkana hatukungoja meli ndio tujue kucheza kwa akili. Wazee wana ngikiles, mchezo wa mashimo na kokoto, ndugu wa bao. Hesabu yake ni kali. Na mambo mazito ya jamii yalikuwa na mahali pake, ule mti wa wanaume, ambapo wazee wanakaa, kila mmoja anasema, wanasikilizana mpaka wakubaliane. Sheria huko inatoka kwa mdomo wa watu waliopo. Haitoki kwa kitabu kilichoandikwa kwingine.

Kisha serikali ya mkoloni ikaleta kitabu. Kwa amri za mwaka 1926 na 1934, kaskazini yote ikafungwa, Turkana ikiwemo. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Eneo likawa jela ya wazi, na ndiyo maana Jomo Kenyatta, baada ya kuhukumiwa Kapenguria mwaka 1953 kwa madai ya kuongoza Mau Mau, alipelekwa Lokitaung, na mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar, akakaa mpaka 1961. Kifungo chake kilikuwa kimeisha, lakini hakuachiwa. Akawa mtu aliyemaliza kadi zake halafu akaambiwa kuna sheria nyingine hakuisikia.

Kuna jambo moja linanichekesha hapa. Wajerumani nao wana mchezo wa ukoo wetu huu. Wanauita Mau-Mau. Mchezaji akibaki na kadi moja hasemi niko kadi, anasema "Mau". Jina limefanana tu na lile la wapiganaji wetu. Lakini fikiria askari wa Lodwar mwaka 1960 akisikia mtu anatamka hivyo mezani.

Kakuma kama tunavyoijua ilianza mwaka 1992. Utawala wa Mengistu ulikuwa umeanguka Ethiopia mwaka 1991, na maelfu ya watoto wa Sudan waliokuwa kambini huko wakatembea tena, wakaishia Turkana. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda. Leo Kakuma na Kalobeyei zina watu zaidi ya 200,000. Kila mmoja alikuja na kidogo alichoweza kubeba, na sheria za mchezo hazina uzito, zinabebwa kichwani. Ndiyo sababu meza moja ya Kakuma inaweza kukuonyesha ramani ya Afrika Mashariki na Kati vizuri kuliko ile ya darasani. Mimi chuo kilinishinda njiani, lakini nimejifunza mengi nikiangalia nani anaitisha na 8 na nani anaitisha na A.

Mezani watu hawa wameshapata dawa. Kabla ya kugawa, mmoja anataja sheria kwa sauti: A inaitisha, 8 ni swali, 7 haikati, 2 juu ya 2 zinajumlishwa, jokeri 5. Asiyekubali anasema sasa hivi. Pengine wanampa Mganda 7 yake, mradi K ibaki kurudisha. Mgeni anasikilizwa kwa sababu pesa yake iko pale sawa na ya wenyeji. Wakishakubaliana, kadi zinagawiwa, na hakuna wa kubadilisha kitu katikati.

Nje ya meza haijawa hivyo. Mwaka 1992 hakuna aliyewakalisha wenyeji wa Kakuma chini ya mti akawauliza kambi iwe na sheria gani, na aliyefika na miguu iliyovimba pia hakuulizwa. Mkimbizi anahitaji kibali kutoka kambini kwenda Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi, kama mtu wa nje alivyohitaji kibali kuingia Turkana siku za mkoloni. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa chakula kwa makundi manne kulingana na mahitaji, badala ya wote kupata sawa. Pesa zilikuwa zimepungua, hilo linaeleweka. Lakini familia nyingi zilijua kundi lao kadi zikiwa tayari mkononi. Watu waliingia barabarani kuandamana. Mwaka huo huo serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi zigeuke kuwa makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja.

Mpango huo ukifika mezani, natamani wanaoubeba wafanye kile ambacho vijana wa kreti ya soda hufanya kila jioni. Wakae kwanza. Mturkana aseme lake kuhusu maji, kuni na malisho. Mkongo, Msomali na Msudani waseme yao kuhusu kazi na kusafiri. Sheria zitajwe kwa sauti, kila mtu azisikie kabla ya kadi ya kwanza kugawiwa. Na wewe, ukipita Kakuma, ukaitwa mezani, usione haya kuuliza. Watakujibu moja moja. Halafu chunga A yako.