Mtakatifu Stanislaus Kostka, Chicago: Parokia Iliyoanzishwa na Walei

Mwaka 1864 Poland haikuwamo kwenye ramani. Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimekwisha kuigawana tangu 1795, na Wapolandi waliofika Chicago kutafuta kazi waliacha nyuma nchi inayotawaliwa na wengine. Mwaka huo wachache wao, akiwamo Peter Kiołbassa, aliyekuja kuwa mweka hazina wa jiji, waliunda chama cha kusaidiana kwa jina la Mtakatifu Stanislaus Kostka. Kanisa hawakuwa nalo. Parokia ilizaliwa miaka mitatu baadaye, 1867, kutokana na chama hicho, na heshima ya mwanzo huo ni ya walei.

Padre Vincent Barzyński wa Shirika la Ufufuko alishika uparoko mwaka 1874, akabaki hapo mpaka kifo chake mwaka 1899. Jiwe la msingi la kanisa la sasa liliwekwa 1877, na ujenzi ukakamilika 1881. Lilijengwa kwa ghorofa mbili, kanisa la juu na la chini, na watu walipozidi, Jumapili moja ilikuwa na misa 12: sita juu, sita chini. Katika miaka ya 1890 waumini walikadiriwa kufika 40,000. Mtoto aliyebatizwa hapo alisomeshwa na masista wa parokia kwa Kipolandi, baba yake akaweka akiba kwenye benki ya parokia na kusoma Dziennik Chicagoski, gazeti la mapadre wa Shirika la Ufufuko lililoanza 1890. Kwa watu wasio na dola yao, parokia ilikuwa serikali.

Ndiyo maana ugomvi wake ulikuwa mkali. Hatua chache kutoka hapo, waumini wa kanisa la Utatu Mtakatifu walikataa kuwa chini ya Barzyński. Walitaka parokia yao wenyewe na sauti juu ya mali waliyoichangia. Mvutano uliendelea takriban miaka 20, kanisa lao likafungwa mara kadhaa, mpaka mjumbe wa Papa, Askofu Mkuu Francesco Satolli, alipoumaliza mwaka 1893 kwa kuwapa paroko wa shirika jingine. Historia hii isifichwe: walipigania haki ndani ya Kanisa walilolipenda, na walistahili kusikilizwa.

Katika miaka ya 1950 ilichorwa barabara kuu ambayo ingepita juu ya kanisa lenyewe. Wapolandi walipinga, safari hii wakiwa na wanasiasa wao, na mchoro ukabadilishwa. Barabara ya Kennedy, iliyofunguliwa 1960, inapinda hapo na kupita karibu kabisa na mgongo wa kanisa. Radi ndiyo iliyofanikiwa kuliumiza: mwaka 1964 iliharibu kilele cha mmoja wa minara miwili.

Wajukuu wa waanzilishi wengi wamehamia vitongoji vya mbali, na familia zenye asili ya Mexico zimeshika nafasi zao. Misa sasa husomwa kwa Kipolandi, Kiingereza na Kihispania.